Mishahidi ya Itumbula

Kilichomtia shaka Atuganile tangu aliposhuka garini ni ule ukijani. Kila nyumba ya Itumbula ilikuwa na mti wake wa mshahidi mlangoni, kama sheria ilivyotaka, na kila mshahidi ulikuwa umetambaa ukutani hadi kwenye bati, majani yake mapana yakimeremeta kama yaliyopakwa mafuta. Kando ya barabara hiyo hiyo migomba ilikuwa imenyong'onyea chini ya vumbi la kijivu. Mahindi yalikuwa na kingo za kahawia. Nyuma ya mji, dohani la kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu lilikuwa likitoa moshi mwembamba, mweupe, usio na haraka. Mishahidi peke yake ndiyo iliyonawiri.

"Shikamoo, mama," Atuganile alimsalimu mwanamke mnene aliyekuwa akimsubiri kivulini.

"Marahaba, mwanangu. Karibu Itumbula. Mimi ndiye Mama Subilaga, mwenyekiti wa mtaa. Pole na safari. Utaanza kupima au utaanza kula?"

"Nitaanza kupima."

"Wakaguzi wote husema hivyo," Mama Subilaga alicheka, "halafu wote wanaishia kula."

Walipita nyumba kwa nyumba. Atuganile alibana jani katikati ya taya mbili za kisomajani chake, akasubiri mlio, akasogea mlango wa pili. Mama Subilaga alimfuata hatua kwa hatua, akimtajia kila mwenye nyumba kwa jina, nani ana mgeni, nani kaoza binti. Kisomajani kililia mlio uleule mlango hadi mlango. Safi. Safi. Safi.

Mshahidi haukuwa mti wa porini. Ulitengenezwa maabara, ukafanywa ili mizizi yake ifyonze madini ya risasi yaliyomo kwenye udongo na maji, na majani yake yanase yaliyomo hewani. Yakizidi kiwango, jani hugeuka zambarau kuanzia ukingoni. Kabla ya miti hiyo, kesi za sumu zilikuwa zikifia mahakamani: wataalamu walinunuliwa, wagonjwa walitishwa, watu wakasahau walichokiona kwa macho yao. Mwishowe Bunge likauondoa ulimi wa binadamu kwenye kesi za namna hiyo. Sheria ya Shahidi Hai ilisikiliza kitu kimoja tu, jani. Likigeuka la nyumba moja, watu wa nyumba hiyo hutibiwa kwa gharama ya kiwanda. Yakigeuka ya sehemu ya kumi ya nyumba zote, tanuri huzimwa na mji hufungwa, asiingie mtu wala mbuzi, mpaka udongo upone.

Atuganile aliijua sheria hiyo kwa ngozi yake. Kalambile, mji aliozaliwa, ulifungwa yeye akiwa kidato cha pili. Udongo wake ulikuwa haujapona bado.

*

Chakula kilikuwa kimeandaliwa nyumbani kwa Tumpale, mama kijana aliyeishi jirani na kisima. Palikuwa na ugali, maharage na mboga za maboga. Tumpale alikaribisha vizuri lakini hakukaa. Alikuwa akiinuka kila mara kwenda mlangoni, kana kwamba kuna sufuria jikoni inayotaka kufurika. Binti yake, Lugano, alikuwa amekaa mkekani akiegemea ukuta. Alikuwa mtoto wa umri wa kuanza shule, mwenye uso mweupe-mweupe wa watu waliopungukiwa damu.

"Lugano, mnawishe dada maji," Tumpale alisema.

Mtoto alinyanyua jagi. Kiganja chake kililegea, jagi likaanguka, maji yakatapakaa mkekani. Hakulia. Aliyatazama yale maji kwa mshangao, kama mtu anayejaribu kukumbuka yalikotoka.

"Mzembe huyu!" Mama Subilaga alicheka haraka, akanyanyua jagi mwenyewe.

"Anaumwa?" Atuganile aliuliza.

"Minyoo," alisema Tumpale.

"Malaria," alisema Mama Subilaga wakati huohuo.

Wanawake hao wawili wakatazamana.

Atuganile alichuchumaa mbele ya mtoto. "Lugano, nichekee kidogo nione meno yako." Mtoto alimtii. Juu ya meno, pale fizi inapoanza, kulikuwa na mstari mwembamba wa buluu, kama uliochorwa kwa kalamu. Atuganile alikuwa ameuona mstari wa namna hiyo kwenye fizi za wenzake wa darasani, zamani, Kalambile.

Tumpale alimvuta mtoto. "Amekula zambarau," alisema.

Msimu wa zambarau ulikuwa bado. Atuganile alikula ugali wake, akashukuru, akatoka nje. Mlangoni aliubana tena mshahidi wa nyumba ile kwa kisomajani. Safi. Alilipapasa jani. Halikuwa na chembe ya vumbi, juu wala chini, ilhali dirisha lililokuwa hatua mbili kutoka hapo lingeweza kuandikwa jina kwa kidole.

*

Meneja wa kiwanda, mhandisi Mwanjala, hakungoja afuatwe. Alimkuta Atuganile nje ya nyumba ya wageni, akajitambulisha kwa adabu zote. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole wa sauti, na mkononi alikuwa na chupa ya maji ya dukani ambayo hakuiweka chini muda wote wa mazungumzo.

"Nasikia mji umefaulu," alisema.

"Sijamaliza."

"Bila shaka. Lakini mti haudanganyi, mkaguzi. Ndiyo maana niliipenda sheria hii. Zamani kila mwenye kikohozi alikuwa anakuja getini kwangu. Sasa naambiwa na jani kama nina kosa au sina."

"Unaishi hapa hapa Itumbula, mhandisi?"

"Ofisi yangu iko hapa."

"Na familia?"

Mwanjala alitabasamu. "Familia ipo mjini. Shule, unajua tena." Kisha akaongeza, kwa sauti iliyoshuka kidogo, "Ukiweka dole gumba lako kwenye ripoti leo, kazi itakuwa imekwisha kwa miaka mitatu. Hakuna atakayekulaumu. Umepima ulichotakiwa kupima."

Hilo ndilo lililomkera Atuganile kuliko yote. Hakuambiwa uongo. Kila neno lilikuwa kweli.

Alikuwa na hakika kwamba kiwanda kinabadilisha miti. Kwamba kuna mahali wanaotesha mishahidi mingine isiyo na kasoro na kuipandikiza ukaguzi unapokaribia. Aliamua kuamka mapema kabla mwenyekiti hajaja kumchukua, aichimbe mizizi aone kama udongo wake ni mgeni.

*

Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachungulia juu ya mlima alipofika kwa Tumpale. Hakuwa peke yake mtaani. Boza la maji lilikuwa limesimama njia panda, na wanawake walikuwa wakilizunguka wakijaza madumu, kimyakimya, bila yale maneno na vicheko vya wanawake wanaoteka maji. Kila mmoja alirudi kwake, akamwagilia mshahidi wake polepole kuzunguka shina, kisha akachukua kitambaa laini na kuanza kuyafuta majani, moja baada ya jingine. Walifanya kwa uangalifu ule wa kumwogesha mtoto mchanga.

Tumpale naye alikuwa akifuta. Nyuma yake, kisimani, Lugano alikuwa ameinamia ndoo, anakunywa kwa kata.

"Hayo maji ya boza yanatoka wapi?" Atuganile aliuliza.

Tumpale aligeuka kwa mshtuko, kitambaa kikamdondoka.

Atuganile hakusubiri jibu. Alipiga magoti, akafukua kwa mikono kando ya shina. Chini kidogo tu vidole vyake viligonga kitu kigumu. Lilikuwa pipa la plastiki, limezikwa hadi mdomoni, na ndani yake udongo mweusi wa mlimani, laini, wenye harufu ya majani yaliyooza. Mshahidi wa Itumbula ulikuwa haujawahi kuigusa ardhi ya Itumbula.

"Mti unakunywa maji safi ya boza," alisema, "na mtoto anakunywa ya kisimani."

"Maji ya chemchemi ya mlimani hayatoshi," Tumpale alisema. Alikuwa akilia bila kujifuta. "Dada, hayawatoshi wote wawili. Nilijaribu kumpa kidogo, majani yakaanza kunyauka. Mwenyekiti akaja akaniambia ninataka kuwahamisha watu."

"Nani kawafundisha hili? Mwanjala?"

"Hakuna aliyetufundisha." Sauti ilitoka nyuma yao. Mama Subilaga alikuwa amesimama na khanga mabegani, na asubuhi hiyo hakuwa na kicheko chochote usoni. "Tumejifunza wenyewe. Tulijifunza kwenu."

"Kwetu wapi?"

"Kalambile. Unadhani sikukujua? Una sura ya ukoo wako wote. Niliwaona watu wenu walipopakiwa kwenye malori. Nilikwenda kambini kuwapelekea mahindi. Mahema juu ya mchanga, choo kimoja kwa watu wasiohesabika. Mlitoka kwenu mna risasi kwenye damu, sawa. Mkafika kule mkafa kwa kipindupindu. Baba yako amezikwa wapi, mwanangu?"

Baba yake Atuganile alikuwa amezikwa kambini, kwenye mstari wa makaburi yaliyochimbwa yote kwa siku moja.

"Sheria yenu inaupenda udongo," Mama Subilaga aliendelea. "Inauwekea uzio, inausubiri upone. Watu inawaambia wapande gari. Basi tumeamua jani liwe kijani. Wanaougua wataugua wakiwa kwao."

"Na wanaougua ni watoto."

"Najua ni akina nani! Mjukuu wangu naye hashiki kalamu."

Atuganile alitazama njia panda. Dereva wa boza alikuwa akikunja mpira wa maji. Alikuwa amevaa koti lake ndani nje, lakini kwenye ukosi nembo ya kiwanda ilionekana kinyumenyume.

"Na gari, Mama Subilaga? Gari nalo mmejifunza wenyewe?"

Wanawake waliokuwa karibu waligeuka, wote pamoja. Tumpale alimtazama dereva, kisha mwenyekiti wake. "Ulituambia ni gari la kukodi," alisema taratibu. "Ulisema ni la shemeji yako."

"Gari ni gari," alijibu Mama Subilaga. "Mlitaka maji, nimeleta maji."

Atuganile aliona jinsi walivyoanza kusimama kila mtu peke yake, madumu mikononi.

*

Aliwaeleza kila kitu, pale pale kisimani, kwa maneno ya wazi. Neno lake yeye mbele ya sheria lilikuwa na uzito wa upepo. Pipa si ushahidi, wala fizi za mtoto si ushahidi. Asipotia dole gumba, watamleta mkaguzi mwingine, naye ataikuta miti ya kijani. Lakini mwenye nyumba akiutoa mshahidi wake kwenye pipa na kuunywesha maji anayokunywa mwanawe, jani litasema, na mtoto wake atapata dawa ya kuitoa risasi mwilini. Dawa ipo, na inafanya kazi kama haijachelewa.

"Na zikifika sehemu ya kumi?" mtu aliuliza.

"Mji utafungwa."

"Kwa hiyo," alisema Mama Subilaga, "unatuambia wachache wawahi kuponya watoto wao, na atakayechelewa ndiye ataufunga mji. Umetugawa, mkaguzi. Umetugawa vizuri kuliko kiwanda."

Tumpale ndiye aliyeanza. Alikwenda kwake, akaling'oa pipa, akaupanda mshahidi kwenye ardhi nyekundu ya ua wake, akaumwagia ndoo nzima ya kisima. Yale madumu ya chemchemi akamnywesha Lugano. Wanawake walimwangalia tokea malangoni. Hakuna aliyemsaidia wala aliyemzuia. Majani yalipogeuka zambarau, kisomajani kikalia mlio mwingine, mrefu, na gari la wagonjwa likaja likamchukua Lugano na mama yake.

Tangu hapo Itumbula ikawa mji wa kuchunguliana. Watu walikaa milangoni kutwa nzima wakilinda miti yao, kwa hofu ya jirani kuimwagia maji ya kisima, na wakichungulia miti ya wengine. Mwanamke mmoja alipigwa kwa kuonekana na ndoo karibu na ukuta usio wake. Boza liliendelea kuja, na sasa dereva alishindwa hata kuteremka, kwa kuwa nusu ya watu walimtukana na nusu walimgombania. Kila asubuhi Atuganile alipima, na kila asubuhi kulikuwa na nyumba mbili tatu mpya zenye zambarau ukingoni. Hakumuuliza mtu kama alifanya mwenyewe au alifanyiwa. Alianza kujishuku kwamba haulizi kwa sababu hataki kujua.

Zilipokaribia sehemu ya kumi alimpigia simu mkurugenzi wake.

"Watu hawa mtawapeleka wapi?"

"Mpango upo."

"Upo wapi, mkurugenzi? Kuna nyumba? Kuna maji?"

"Nimekuambia mpango upo. Wewe pima."

Aliikata simu, akabaki ameishika. Kalambile pia waliambiwa mpango upo.

*

Ilikuwa imebaki nyumba moja kufikia sehemu ya kumi. Kisomajani kilikuwa kinaonyesha hivyo, kwa alama ndogo iliyokuwa ikiwakawaka pembeni ya kioo, na tanuri la kiwanda lilikuwa limeunganishwa moja kwa moja na alama hiyo; hapakuhitajika hakimu wala polisi. Asubuhi hiyo Mama Subilaga alimwita nyumbani kwake, akamwingiza uani, akafunga mlango wa ua.

Mshahidi wake, uliokuwa mzuri kuliko yote mjini, ulikuwa na ukingo wa zambarau karibu kila jani.

"Nani amefanya?" Atuganile aliuliza.

"Nilidhani ni wewe."

"Si mimi."

Mama Subilaga alimkazia macho kwa muda mrefu. "Basi nitakufa bila kujua," alisema. "Labda ni mkwe wangu. Labda ni yule mtoto mwenyewe. Labda dereva katujazia maji ya mtoni, kachoka kupanda mlima." Alijikalisha kwenye kigoda. Ghafla alionekana mzee. "Hakuna aliyeuona zaidi yetu. Nitayachuma majani haya sasa hivi niyachome. Mti utachipua upya. Waliokwisha kutibiwa wamepona, mji umebaki. Sikuombi useme uongo. Nakuomba utazame pembeni, kidogo tu. Wewe umemzika baba kambini."

Atuganile alihisi kisomajani kizito mkononi. Aliwaza hema lililovuja, na mikono ya baba yake ilivyokuwa mikavu siku ya mwisho. Aliwaza kwamba angeweza kabisa kutazama pembeni. Shingo yake ilikuwa tayari imeanza kugeuka. Kutoka ndani ya nyumba alisikia mtoto akijisomea kwa sauti, anakwama kwenye neno moja, anarudi mwanzo, anakwama tena palepale.

"Huyo ndiye mjukuu?"

"Ndiye."

"Alikuwa akisoma hivyo mwaka jana?"

Mama Subilaga aligeuza uso upande wa ile sauti.

Atuganile alinyoosha mkono, akalibana jani. Mlio ulikuwa mrefu. Kwa muda hakukuwa na kilichobadilika. Kisha ule mngurumo wa tanuri, ambao watu wa Itumbula walikuwa wameuzoea hata hawausikii tena, ukakatika. Kimya kilichofuata kiliumiza masikio. Milango ilifunguliwa mtaa mzima. Watu walitoka wakitazama dohani, na walipokwisha kutazama dohani wakaanza kutazamana, kila mmoja akimtafuta usoni jirani aliyefanya hivyo.

Mama Subilaga aliufungua mlango wa ua, akasimama mbele ya mti wake wa zambarau ambao sasa kila mtu aliuona. Mtu mmoja aliokota jiwe. Hakulirusha. Hakujua amrushie nani.

"Wewe utaondoka na gari lako la serikali," Mama Subilaga alisema bila kugeuka.

"Nimelirudisha. Nitapanda lori na nyinyi. Nitakaa huko mpaka niione hiyo nyumba na hayo maji wanayoyasema."

"Na kama hakuna?"

"Nitakuwa nanyi wakati hakuna."

Mama Subilaga aliguna. Halikuwa guno la kuamini. Aliingia ndani, akaanza kutoa vyombo vyake nje kimoja kimoja na kuvipanga kando ya barabara: masufuria, mkeka, godoro la mjukuu. Atuganile aliingia akachukua birika na sahani mbili. Mama Subilaga alimpokonya mkononi.

"Hivyo vyepesi ataviweza mtoto," alisema, akamwonyesha kwa kidevu kona ya jiko. "Kama unabeba kweli, beba kile kinu."

Kinu kilikuwa cha mninga, kipana, kizito kuliko kilivyoonekana. Atuganile alikikumbatia kwa mikono yote miwili, akakinyanyua kwa shida, akatoka nacho nje mbele ya macho ya mji mzima.